Naomba ushauri: keki bila mayai wala maziwa, wapishi wangu ni wa miaka 5 na 3

Habari zenu wapendwa. Mwanangu mkubwa ana mzio wa mayai na maziwa. Mdogo wake hana mzio wowote, ila naye hakubali kuachwa nje ya jiko.

Biskuti tumeziweza: unga, sukari, mafuta, maji kidogo, wao wanakata maumbo (nusu ya unga huishia sakafuni, nimeshazoea). Kinachonishinda ni keki ndogo. Badala ya yai moja naweka nusu ya ndizi mbivu iliyopondwa. Ladha ni tamu kweli, lakini katikati inabaki nzito na mbichimbichi hata nikiongeza dakika kumi. Je, ndizi inazidi, au tatizo ni watoto kukoroga mno? Maana hao wakishika mwiko hawauachii. Nimesikia pia kuhusu mbegu za kitani, kijiko kimoja cha chakula cha unga wake katika vijiko vitatu vya maji, usubiri uvute. Aliyejaribu, keki iliumuka?

Jambo la pili ndilo linalonitia hofu zaidi. Juzi nusura nitumie majarini, kumbe kwenye viambato imeandikwa kaseini, ambayo ni protini ya maziwa. Sasa nasoma kila lebo. Lakini huyu mdogo hula mayai asubuhi, kisha anatia vidole kwenye bakuli la kaka yake! Mikono namnawisha kwa sabuni. Mnatenga kabisa miiko na vyombo vya kuokea, au kuosha vizuri kunatosha?