Kwani picha za simu hazitoshi? Msimamizi anataka mmea wenyewe uliokaushwa

mwanafunzi_wandegeya:
Shikamooni wakubwa. Nasoma shahada ya uzamili hapa Kampala. Utafiti wangu ni wa mululuza, ule mmea mchungu ambao kila bibi anautumia kwa malaria. Majani nimechuma Mukono, nimesaga, dondoo ninayo, bakteria nimeshawajaribu. Sasa msimamizi amenirudishia sura ya tatu, eti haisomi mpaka niandike namba ya sampuli iliyowekwa hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Makerere. Nina picha safi za simu, zina tarehe na mahali. Jani lililobanwa kwenye gazeti lina nini ambacho picha haina? Au ni mambo ya wazee tu?

dijitali256:
Mambo ya wazee. Piga picha, weka kwenye programu ya kutambua mimea, songa mbele. Hata Marekani, Chuo Kikuu cha Duke kilitangaza mwaka 2024 kwamba kinafunga hebaria yake, na ilikuwa na sampuli kama 825,000.

fundi_wa_hebaria:
Ndugu, hiyo ya Duke ililalamikiwa na wanasayansi wa dunia nzima, hilo hukulisema.

Mwanangu wa Wandegeya, kazi yangu ni kubana mimea, kuishona kwenye karatasi na kuipanga kabatini, nimezeekea humo. Nikuulize: mtahini akisema ulichosaga si mululuza, utamwonyesha nini? Vernonia amygdalina, ndiyo mululuza, ana ndugu yake, Vernonia colorata, na watu huwachanganya. Kuwatofautisha kunataka lenzi, uchungulie vinyweleo na vichwa vya maua. Picha yako ina vinyweleo? Tena wataalamu wengi siku hizi mululuza wanauita Gymnanthemum amygdalinum. Mvule nao zamani uliandikwa Chlorophora excelsa, leo ni Milicia excelsa. Jina likihama, mwenye namba ya sampuli hana wasiwasi, mmea wenyewe upo kabatini.

Rudi Mukono kwenye mti uleule. Usilete majani matupu, kata tawi lenye maua. Karatasi yetu ni kama sentimeta 42 kwa 28. Tawi likizidi, likunje. Jani moja ligeuze, upande wa chini uonekane. Rangi ya maua iandike palepale maana ikikauka inapotea, na uandike pia urefu wa mti, mwinuko wa mahali na jina la Kiganda ulilopewa. Tandaza kwenye magazeti (Bukedde inafaa sana), bana kati ya mbao kwa mikanda, na magazeti ubadilishe kila siku, hasa mvua hizi, la sivyo ukungu. Ukitumia sigiri, moto uwe mbali; wapo wanaoleta mboga iliyopikwa. Selotepu usiniletee kabisa, inageuka njano na kubanduka. Kushona tutashona sisi, baada ya sampuli kukaa kwenye friza wadudu wafe. Zamani walipaka chumvi ya zebaki, ndiyo maana karatasi za kale tunazishika kwa glavu.

mwalimu_mbale:
Naongeza kidogo. Mwaka 1987 mtafiti F. I. Woodward alihesabu vitundu vya kupumulia kwenye majani makavu ya hebaria yaliyokusanywa katika kipindi cha miaka 200, akakuta vimepungua kadiri hewa ya ukaa ilivyoongezeka. Waliobana majani yale hawakuwa na habari ya hewa ya ukaa. Na mwaka 2013 vinasaba vya ugonjwa ulioangamiza viazi Ireland karne ya 19 vilisomwa kutoka majani makavu. Hapo programu ya simu ingefanya nini? Darasani kwangu pia, mwanafunzi aliyebana tawi kwa mkono wake hasahau tena majani yanavyopangana.

dijitali256:
Hiyo ya viazi nimeikubali. Lakini kabati, umeme wa friza, mishahara, nani analipa?

fundi_wa_hebaria:
Hapo umenena. Waulize wakubwa wa bajeti, mimi wameshanichoka.

mwanafunzi_wandegeya:
Asante mzee. Niende Jumamosi. Nibane tawi moja tu?

fundi_wa_hebaria:
Matatu, ya mti mmoja, namba moja. Moja linabaki kwetu, jingine linaweza kwenda hebaria ya Nairobi. Ya Berlin iliungua kwa mabomu mwaka 1943. Mimea mingi iliyokuwa na nakala miji mingine bado inasomwa mpaka leo. Na uje na penseli, wino unachuja ukilowa.