Dawa ya skizofrenia inanisaidia ila asubuhi siamki, kazi nitaanzaje?

kivuli_cha_mwembe: Habari wakuu. Mwaka jana niliambiwa nina skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, natumia dawa ya olanzapini usiku, sauti nilizokuwa nasikia kichwani zimepungua sana nashukuru, shida kichwa kizito hadi mchana na nguo zote zinanibana. Kazini wananisubiri. Nawaza niache dawa nianze kazi vizuri kwanza, sauti zikirudi ndo nirudie kumeza. Kuna anayeishi na hii kitu na maisha yanaenda?

dada_mkubwa: Usiache ghafla mdogo wangu. Ukiacha, mara nyingi sauti hazirudi siku ile ile, ndo mtego wenyewe, unakaa wiki kadhaa unajiona umepona halafu usingizi unakata na ukizidiwa hata hukubali kwamba unaumwa, sasa huko kumeza tena utakumbushwa na nani? Mwambie daktari hivi hivi ulivyoandika hapa. Mimi alinisogezea muda, nameza mapema jioni badala ya wakati wa kulala, asubuhi naamka mtu. Unene nao sio uvivu wako, ni hiyo dawa, aangalie na sukari. Zipo zisizonenepesha hivyo, mf. aripiprazoli.

fundi_saa: Mimi nachoma sindano ya kila mwezi, kumeza kila siku kulinichosha. Na sauti hazijaisha kabisa, nisikudanganye! Zikianza nikiwa kazini naimba chinichini, zinafifia, wenzangu wanajua napenda nyimbo tu. Bosi nilimwomba zamu ya mchana, jina la ugonjwa sikumtajia, hilo kila mtu aamue mwenyewe. Kama unavuta sigara mwambie daktari, moshi unapunguza nguvu ya olanzapini, ukiacha sigara nayo inapanda. Bangi sahau kabisa.

nduguye: Dada yangu anayo. Akiwa vizuri alituandikia mwenyewe dalili zake: kukesha, kuacha kuoga, kugeuza simu kifudifudi watu wakiongea. Tukiziona mbili tunaenda wote kliniki, hakuna kuvutana. Ila alitupa sharti, "umemeza dawa?" tuulize mara moja kwa siku basi, maana tulikuwa tunamkagua kama mtoto na kelele za nyumbani zilimharibu zaidi.

kivuli_cha_mwembe: Asanteni jamani, kliniki ni Alhamisi nitamwambia yote. Hiyo aripiprazoli nayo haina matata?

dada_mkubwa: Wengine miguu haitulii, kukaa chini huwezi. Ikikutokea usingoje tarehe ya kliniki, wahi useme.