Ushauri: Nipige kura ya ndiyo au ya hapana kuhusu serikali ya mseto, Jumapili hii Birmingham?

Mjumbe wa Leeds (Alhamisi, 13 Mei 2010)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu, na wakubwa wangu shikamooni. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Leeds na mwanachama wa Liberal Democrats. Tawi letu limenituma kuwa mmoja wa wajumbe wake katika mkutano maalumu wa Birmingham tarehe 16, ambako tutaulizwa kama tunauridhia mkataba wa serikali ya mseto ambao kiongozi wetu Nick Clegg amekwisha kuufunga na David Cameron wa Conservative. Wenzangu wa hapa wameshachukua misimamo, kila mmoja na wake, ndiyo maana nakuja kwenu ninyi mnaoitazama siasa ya nchi hii bila kadi ya chama changu mfukoni.

Hesabu mnaijua. Katika uchaguzi wa tarehe 6 hakuna aliyefikia viti 326 vya kutawala peke yake: Conservative wamepata 306, Labour 258, sisi 57. Tulipigiwa kura milioni 6.8, zaidi ya zile za mwaka 2005, na bado tumetoka na viti vitano pungufu, wakati Labour kwa kura milioni 8.6 wana viti zaidi ya mara nne ya vyetu. Kwa hiyo ninaposoma kwamba mkataba unatoa kura ya maoni juu ya kubadili mfumo wa uchaguzi, moyo unataka kusema ndiyo mara moja.

Kinachonizuia ni ada za vyuo vikuu. Nilipita nyumba kwa nyumba Headingley, mtaa uliojaa wanafunzi, nikiwaeleza kwamba wagombea wetu wametia sahihi ahadi ya kupiga kura dhidi ya nyongeza yoyote ya ada. Mkataba unasema kwamba serikali ikija na pendekezo tusiloweza kulikubali, wabunge wetu wataruhusiwa kutopiga kura. Kutopiga kura si kupinga. Yule kijana aliyenisikiliza mlangoni hakuambiwa kwamba mbunge wake atakaa kimya. Pia tunakubali kupunguza matumizi kwa pauni bilioni 6 mwaka huu huu, jambo ambalo katika kampeni tulisema litaudhuru uchumi ambao bado haujasimama, na tunakubali kuwekwa kikomo kwa wahamiaji wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya, yaani ndugu zetu.

Je, niunge mkono au nipinge? Naomba kuwasilisha.

Kalamu ya Glasgow

Ndugu Mjumbe, mimi ni mpiga kura wa Labour na sitakuficha hilo, lakini ushauri wangu ungekuwa huu hata kama ningekuwa wa chama chako. Pinga. Huku Scotland kuna majimbo 59, na Conservative wameshinda moja tu, ilhali ninyi mmeshinda 11. Wengi waliowapa hayo 11 waliwachagua kwa sababu hawakutaka kabisa kutawaliwa na Conservative, na leo kura zao ndizo zinazomwingiza Cameron ofisini. Mwakani tuna uchaguzi wa Bunge la Scotland, na sioni mgombea wenu atasema nini mbele ya watu hao.

Njia nyingine ilikuwepo. Cameron angeweza kuongoza serikali ya wachache, nanyi mkamuunga mkono katika bajeti na katika kura za imani peke yake, huku kila jambo jingine mkilipima lenyewe. Ahadi yenu ya ada ingebaki salama, kwa kuwa msingekuwa sehemu ya serikali inayoileta nyongeza.

Mlezi wa Bedford

Mwanangu, nitasema machache kwa sababu jambo langu ni moja. Karibu na mji wetu kuna Yarl's Wood, kizuizi cha wahamiaji ambamo familia hufungiwa pamoja na watoto wao wadogo wakingojea kurudishwa makwao. Nimekuwa nikiwasaidia akina mama waliopitia humo, na baadhi yao ni wa lugha yetu hii. Mkataba huo unaosita kuukubali una sentensi inayosema kwamba kuwaweka watoto kizuizini kwa ajili ya uhamiaji kutakomeshwa. Labour walikuwa madarakani miaka 13 na hawakulifanya hilo. Ukinyanyua mkono kupinga, ujue unapinga na hiyo sentensi.

Kikomo cha wahamiaji kinaniuma kama kinavyokuuma wewe. Lakini kilikuwa kwenye ilani ya Conservative, na wangekileta bungeni hata mkiwa nje ya serikali.

Wakili Mkenya

Wengi wetu kutoka Kenya tukisikia serikali ya mseto tunawaza nusu mkate wa mwaka 2008, na ningependa kukuonya usiutumie mfano huo kuamua. Makubaliano ya Kibaki na Raila yalizaliwa na damu, kwa haraka, na ugomvi mkubwa ukawa nani apate wizara ipi, hata baraza likavimba kupita kiasi. Hawa wa Uingereza wamekaa siku tano, wameandika kwanza sera, na ninyi mmepata mawaziri watano barazani, akiwemo Clegg kama Naibu Waziri Mkuu. Ubora wa mkataba wa namna hii hupimwa kwa vifungu vyake, basi tuvisome.

Kifungu cha kura ya maoni ni dhaifu kuliko unavyodhani. Mfumo unaopendekezwa, wa mpiga kura kupanga wagombea kwa nafasi ya kwanza, ya pili na kuendelea, hauleti uwiano wa viti na kura, na Clegg mwenyewe aliubeza kabla ya uchaguzi. Isitoshe, Conservative wamekubali kura ya maoni ifanyike, hawakukubali kuacha kufanya kampeni ya kuipinga. Mkishindwa, nani atalifungua tena suala hilo katika kizazi hiki?

Vifungu vyenye nguvu ni vile visivyotajwa sana: kuinua hatua kwa hatua kiwango cha mapato kisichotozwa kodi kuelekea pauni 10,000, fedha za ziada kwa shule zenye watoto wa familia maskini, na kufutwa kwa mpango wa vitambulisho. Hayo yatamgusa mtu wa mshahara mdogo, awe amewapigia kura au la.

Mzee wa Southampton

Marahaba, kijana wangu. Nipo nchi hii tangu kabla ya uchaguzi wa Februari 1974, nao pia haukutoa mshindi kamili. Labour walipata viti 301, Conservative 297. Heath, waziri mkuu wa Conservative, akamwita Jeremy Thorpe, kiongozi wa Liberal, chama kilichotangulia chenu, ambaye alikuwa na kura milioni 6 na viti 14 tu. Hawakuafikiana. Wilson wa Labour akaunda serikali ya wachache, akaisubiri saa inayomfaa, akaitisha uchaguzi mwingine Oktoba na kupata wingi wa viti vitatu. Liberal hawakuvuna chochote.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Kalamu. Kuunga mkono kutoka nje kulijaribiwa pia, David Steel wa Liberal na Callaghan, waziri mkuu wa Labour, kuanzia Machi 1977 hadi 1978. Liberal walibeba lawama za serikali bila kuwa na waziri hata mmoja, na mwaka 1979 wakarudi bungeni na viti 11.

Watu wanakilalamikia sana kifungu cha bunge la miaka mitano kinachotaka asilimia 55 ya wabunge ili bunge livunjwe kabla ya wakati. Mimi nakiona ndicho ngao yenu. Conservative wana asilimia 47 ya viti, kwa hiyo Cameron hawezi kufanya alichofanya Wilson, yaani kuvizia siku ambayo tafiti za maoni ya wapiga kura zinampendelea na kuwatupa njiani. Nanyi mkiungana na vyama vingine vyote bado hamfiki 55, ila kura ya kutokuwa na imani inabaki kuwa ya wingi wa kawaida. Kwa chama kidogo, kumnyima mkubwa uwezo wa kuchagua siku ya uchaguzi ni jambo kubwa kuliko wizara.

Kalamu ya Glasgow

Mzee wangu, nakubali historia yako. Hata hivyo ngao hiyo inamlinda mbunge asiangushwe mapema. Haimlindi na hasira za wapiga kura baada ya miaka mitano.

Wakili Mkenya

Na Labour nao walikuwa na nafasi yao. Labour na Liberal Democrats kwa pamoja ni 315, wangehitaji vyama vya Scotland, Wales na Ireland Kaskazini kila siku ya kura. Gordon Brown, kiongozi wa Labour, alitangaza Jumatatu kwamba ataachia uongozi ili mazungumzo yawezekane, lakini kina John Reid na David Blunkett, mawaziri wa zamani wa Labour, walijitokeza hadharani kuyakataa. Mjumbe asihukumiwe kama mtu aliyeiacha serikali ya Labour iliyokuwa tayari.

Ushauri wangu wa mwisho ni wa kiutaratibu. Wabunge wenu na Halmashauri Kuu ya chama wamekwisha kuuidhinisha mkataba kwa zaidi ya robo tatu, kwa hiyo mkutano huo hauwezi kwa urahisi kuirudisha nyuma serikali iliyokwisha kuapishwa. Unachoweza ni kuweka masharti kwenye kumbukumbu. Uliza leo kama hoja itapokea marekebisho.

Mjumbe wa Leeds

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Bibi yangu wa Bedford, sentensi ile nilikuwa nimeisoma kwa kupita tu, sasa nimeirudia.

Nimeamua kupiga kura ya ndiyo. Kilichonigeuza ni hoja ya Mzee kuhusu asilimia 55 na suala la watoto, zaidi ya ile kura ya maoni iliyonivuta mwanzoni. Lakini juu ya ada sibadiliki. Nimezungumza na mwenyekiti wa tawi mchana huu, na tunaandika pendekezo linalosema kwamba mkutano unawakumbusha wabunge ahadi waliyoitilia sahihi, na kwamba ruhusa ya kutopiga kura haiwafungi wale watakaopiga kura ya kupinga. Nikipewa nafasi ya kusema ukumbini nitasema hilo peke yake.

Ndugu Kalamu, naomba unisaidie jambo moja: nitumie kwa ujumbe wa faragha yale mnayoambiwa na wapiga kura wa Liberal Democrats huko Glasgow, kwa maneno yao wenyewe, kabla ya Jumamosi jioni.