Mosin-Nagant ya 1942: nisugue mtutu au niache?

MkulimaMontana
Wakubwa shikamooni, wengine habari. Niko Montana, nina Mosin-Nagant 91/30, bunduki ya zamani ya jeshi la Kisovieti, ya kiwanda cha Izhevsk, 1942. Mita 100 matundu yanatawanyika sentimita 18; jirani yangu na bunduki kama hii anapata 8. Nikichungulia mtutu naona giza tupu, kama bomba la jiko la kuni. Dukani kuna risasi zilizopakwa unga wa kusagia: unazipiga tu, mtutu unasuguliwa wenyewe. Nizinunue?

FundiMstaafu
Marahaba kijana. Ziache kwanza. Nimeshinda karakana ya silaha miaka 22, bunduki za .303 za askari wa wanyamapori ndizo zilikuwa mkate wangu. Unga ule unakula chuma, na kinakoliwa zaidi ni kwenye koo, pale risasi inapoanza kuingia kwenye mifereji, ile michirizi ya ndani ya mtutu inayoizungusha. Chuma kikishaliwa hakirudi.

Hilo giza huenda ni shaba ya risasi imegandamana na masizi. Hakikisha chemba haina kitu, chomoa bolti (kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma), safisha kutokea nyuma kwa dawa yenye amonia. Fungua dirisha, inachoma pua. Kitambaa kikitoka na bluu, shaba bado ipo. Usiiache dawa ilale humo.

Kisha kagua mdomo wa mtutu. Hizi za kijeshi zilisafishwa kupitia mbele kwa ufito wa chuma, miaka nenda miaka rudi, kingo zikalika upande mmoja. Risasi inapotoka, gesi inaisukuma kombo. Hapo hata ukisugua ndani hadi ujione sura, kazi bure.

Na kama unapiga risasi za zamani za jeshi, fataki zake (zile zinazowasha baruti) zinaacha chumvi inayoleta kutu. Maji ya moto siku hiyohiyo, kausha, paka mafuta.

Paa_wa_Moshi
Mimi nilisugua mtutu wa bunduki yangu ya .243 kwa dawa nzito ya kusugulia, vitambaa sijui vingapi. Ikawa rahisi kusafisha, matundu yakabaki palepale. Kumbe skrubu ya kitako ilikuwa imelegea 😂

MkulimaMontana
Mzee, jioni tatu kitambaa kinatoka bluu, ya nne kikatoka cheupe. Mifereji ipo, mikali kabisa! Jumamosi nimepata sentimita 11. Mdomoni kuna pengo dogo upande wa kulia, kucha inalisikia.

FundiMstaafu
Ndilo hilo. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kukereza, akwangue mdomo tu. Ndani asiguse.