UZI: Mjamzito wa miezi saba nimeambiwa tezi dume yangu iko poa. Huyu mtu nani alimpa mashine??

MamaKijacho
Jamani naandika jeli haijakauka tumboni, mkiona herufi zimerukana mnivumilie. Ni yule yule wa altrasaundi. Sitaji jina, wa huku kwetu wote mnamjua, yule mwenye bango la kichanga "cha siku moja" kinacheka na meno yote mdomoni.

Nimekaa benchi toka asubuhi nimebana mkojo ndoo nzima maana mapokezi wamesema bila kibofu kujaa haonekani mtoto, mimba ya miezi saba hii, mtoto mwenyewe kibofu kashakifanya mto wa kulalia. Naingia namkuta yuko kwenye simu. Hajanisalimia, hajaangalia kadi yangu ya kliniki, kanimwagia jeli ya baridi nadhani ililetwa na basi la Makambako alfajiri, mkono mmoja anasukuma kile kidude tumboni, mkono wa pili simu, anabishana bei ya mbuzi. Skrini kaielekeza kwake. Namuuliza mtoto anaendeleaje ananijibu "subiri kwanza", nikasubiri, kumbe anamjibu wa mbuzi!! Sijamaliza kuvuta pumzi nasikia jifute dada, dume hilo, hongera, elfu thelathini utalipa nje.

Nje nafungua ripoti. Jina langu sawa. Umri sawa. Ini kawaida. Figo kawaida. TEZI DUME: UKUBWA WA KAWAIDA. Kwa kizungu chao kile, nikahisi labda mimi ndo sijasoma vizuri, nikampa kijana wa bodaboda anisomee, akasoma, akarudia, akashuka kwenye pikipiki kabisa.

Nikarudi ndani. Hata hakunyanyuka. Kaangalia karatasi, kaniangalia mimi, halafu mlango uko wazi na wamama wote wanasikia akasema "sasa dada si imeandikwa kawaida? Ulitaka iwe imevimba?"

ULITAKA IWE IMEVIMBA.

Benchi zima likaangua kicheko, kuna mmoja kacheka mpaka akashika kiuno akaanza kumwita mumewe.

Na mtoto wangu mnajua kaandikiwa nini? Mstari mmoja. Wiki 28. Wakati altrasaundi niliyopima mwanzoni nikiwa na wiki 10 ukihesabu toka ile leo niko 32, yani mwanangu anakua kurudi nyuma, tukienda hivi mwezi wa kujifungua mimba itakuwa haijaingia. Kondo la nyuma liko wapi, hakuna. Maji yanatosha, hakuna. Kichwa kiko chini au juu, hakuna. Ila tezi dume kaiona!! Kaitafuta kaipata kaipima na ukubwa kaujua. Ulitaka iwe imevimba. Mxiuu.

Kaka wa Temeke
Hongera sana mkuu. Humu wanawake wengi wanaitwa mkuu kimakosa ila wewe una cheti.

Babu Kikohozi
Mimi nina miaka 61 nimepimwa juzi yangu IMEVIMBA. Naomba tubadilishane ripoti.

MamaKijacho
Chekeni tu. Siku mke wako akija na ripoti ya korodani ndo utanikumbuka.

Dogo Bodaboda
Dada mimi ndo yule niliyekusomea. Ulivyorudi ndani kwa hasira ukaondoka na buku yangu.

NesiZamuYaUsiku
Pole dada, wacha wacheke. Hapo alifungua ripoti ya mgonjwa mwingine aliyepima tumbo zima, akabadilisha jina akasahau kufuta ya chini, inatokea kuliko mnavyodhani. Ripoti ya mimba kubwa lazima ikwambie watoto ni wangapi, moyo unapiga vipi (kawaida ni 110 mpaka 160 kwa dakika), kimetangulia kichwa au makalio, kondo limekaa wapi na kama limeziba mlango wa kizazi maana hilo likipitwa unaweza kutoka damu nyingi leba, maji, na vipimo vya kichwa, tumbo na mfupa wa paja.

Tarehe shika ile ya wiki 10. Ile ya mwanzoni inakosea siku chache tu, ila miezi ya mwisho kipimo kinaweza kupishana hata wiki mbili tatu, ndo maana toka 2016 WHO wanasema mama apate angalau altrasaundi moja kabla ya wiki 24. Lakini wiki nne zisikupite hivi hivi. Inawezekana kapima huku anawaza mbuzi, inawezekana pia mtoto hakui vizuri. Kesho nenda kliniki mkunga akupime tumbo kwa utepe, presha na mkojo, halafu urudie altrasaundi kwingine. Mtoto akipunguza kucheza usisubiri kesho. Na kibofu kujaa miezi saba kwa kipimo cha kawaida cha juu ya tumbo hakuna haja, hapo kakutesa bure.

MamaKijacho
Asante nesi wangu nitaenda asubuhi. Lakini nieleze na lile jibu. "Ulitaka iwe imevimba" ni la chuo gani?

Mzalendo Mtulivu
Badala ya kulia humu mshtaki. Sheria ya wataalamu wa radiolojia ipo toka 2007, na baraza lao lipo. Mwombe namba ya usajili.

Kaka wa Temeke
Atakupa lipa namba.

BabaMapacha
Nyie mna afadhali. Sisi tumepima mpaka mwezi wa tisa tunaambiwa mtoto mmoja, mkubwa, mwenye afya. Mkunga kamtoa akasema mama usishuke kuna mwingine. Begi lina nguo za mtoto mmoja, wa pili kafungwa na fulana yangu ya Yanga.

Mnyama_Damu
Huo ni ukatili dhidi ya mtoto, ustawi wa jamii wako wapi.

BabaMapacha
Kaa kimya wewe mwenye fulana ya makolo wa Simba.

Shangazi Kibibi
Mimi niliambiwa wa kike. Nikapaka chumba pinki mpaka dari. Kaja Hamisi.

TatuBintiTanga
Mnaongelea picha, mimi nilikutana nao leba kwenyewe. Napiga kelele nesi ananiuliza "kwani wakati wa kuitafuta ulilia?" Mtoto katoka wakambeba, nikaja kumshika jioni. Ukutani mbele ya kitanda changu kuna bango, mtoto akaushwe, awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa moja. Nililisoma mpaka nikalikariri, kitu kingine cha kufanya sikuwa nacho.

NesiZamuYaUsiku
Hilo la lugha sitetei. Ila usiku mmoja nesi ni mmoja na waliopanua njia ni watano, mtoto anayelia namwacha pembeni namshika asiyelia, mwenye dakika moja tu ya kupumuishwa. Na beseni la kuoshea linakuwa halina maji. Njooni mkae zamu moja na mimi.

Mpenda Takwimu
Tuwe wakweli lakini, hali si ileile. Utafiti wa afya wa nchi nzima wa 2015-16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukakuta 104.

Babu Kikohozi
Na tezi dume za wajawazito ngapi?

Wanjiku_wa_Thika
Aki nyinyi mnapimwa. Huku Kenya Linda Mama, ile ya kujifungua bure, iliondolewa 2024 tukaletewa SHA, bima mpya ya afya, unafika hospitali unaambiwa sistimu iko chini, lipa kesh kwanza.

Mzalendo Mtulivu
Uzi ni wa Tanzania dada.

Wanjiku_wa_Thika
Na mimba ni ya Tanzania? Wacha nikae.

Fundi Geji
Samahani wakuu. Kwani yule wa mbuzi walifungaje bei?

MamaKijacho
Alianza laki na ishirini wakamalizana laki na kumi, beberu, usafiri juu ya muuzaji. Nilisikia yote nimelala pale.

Fundi Geji
Laki na kumi beberu?? Pugu mnadani hunipi bei hiyo hata mbuzi awe anaumwa. Wa wapi huyo?

ShambaBoy Chalinze
Ninao wa bei hiyo, wamechanjwa, njoo inboksi. Na kuku wa kienyeji pia wapo.

Shangazi Kibibi
Chalinze? Wewe si ndo uliniletea "kienyeji" kumi na mbili kwa ajili ya arobaini ya Hamisi, nikachemsha nusu saa wakayeyuka chunguni tukawa tunawanywa na kikombe?

ShambaBoy Chalinze
Mama ulizidisha moto.

Shangazi Kibibi
NILIZIDISHA MOTO?? Ngoja. Nakufungulia uzi wako sasa hivi.