Mama amegoma kuendelea na Game of Thrones, nifanyeje?

Wakuu, habari za jioni. Niko Kirumba, Mwanza. Mama anauza dagaa pale Mwaloni, na kila usiku akirudi tulikuwa tunaangalia tamthilia ya Game of Thrones pamoja, namtafsiria. Mimi nilishaimaliza zamani. Robb Stark, yule mfalme kijana, alishamfanya kama mwanawe wa kumzaa.

Juzi tukafika msimu wa 3, sehemu ya 9, ile harusi ambayo Robb na mama yake, Catelyn, wanauawa ugenini. Milango ilipofungwa alinishika mkono. Catelyn alipovuta mkono wa nguo ya Bolton, mmoja wa makamanda wa Robb, na deraya ikaonekana chini yake, mama akasema, "Wamekwisha." Hakulia. Alizima taa, akakaa gizani. Kinachomuuma ni ule mkate na chumvi waliopewa: "Mgeni umemlisha mwenyewe, halafu unamchinja?"

Tangu hapo hataki hata kuisikia, na jioni zetu zimepoa. Inaniuma kweli. Naomba ushauri: nimdokeze kwamba msimu wa 4, sehemu ya 2, Joffrey, yule mfalme katili adui wa Robb, naye anafia harusini, labda atapata moyo wa kurudi? Au nitakuwa nimemharibia utamu? Aliyewahi kuangalia na mzazi wake anisaidie.