Skripti ya kukagua diski inaishia seva ya kwanza, nakosea wapi?

Wakuu, salaam. Nina seva 14, zote Linux. Wiki jana moja ilijaa usiku, databesi ikagoma kuandika, asubuhi simu zikamiminika. Bosi kasema hataki tena kusikia habari ya diski kujaa.

Nikaandika skripti ya bash: kitanzi cha while kinasoma majina kutoka seva.txt, inaingia kila seva kwa ssh (njia ya kuingia seva kutoka mbali), inaendesha df -h (inaonyesha diski imejaa kiasi gani), ikizidi asilimia 85 inanitumia barua pepe. Inakagua ya kwanza, kisha inamaliza kimya kimya bila kosa lolote. Nikitoa ssh nikaweka echo (inaandika jina tu kwenye skrini), majina yote 14 yanatoka! Siku ya pili leo nakesha nayo.

mzee_wa_bash: Pole mkuu, hiyo imetutesa wengi. Ssh ikiwa ndani ya while inakunywa chochote kinachoingia humo, kwa hiyo majina 13 yaliyobaki imeyameza yenyewe. Andika ssh -n, isisome kitu humo. Ongeza na -o BatchMode=yes na -o ConnectTimeout=5, la sivyo seva moja ikizimika au ikidai nenosiri, zote zilizo nyuma yake zinasubiri. Na df -h ni ya macho ya binadamu, awk (ya kuchambua maandishi) ipe df -P, kila diski mstari mmoja.

binti_seva: Weka na df -i. Mimi diski ilikuwa asilimia 40 tu, lakini kila faili jipya linakataliwa eti hakuna nafasi. Kumbe inodi (nafasi za kusajili mafaili, kila faili linachukua moja) ndizo zimeisha, mafaili ya sesheni za PHP yamerundikana, madogomadogo, hayahesabiki. Nilimlaumu fundi wa diski bure.

Mwenye uzi: -n imemaliza kazi, zote 14 zinajibu! Ila sasa napigwa barua kila dakika tano, /snap imejaa asilimia 100.

mzee_wa_bash: Hizo ni squashfs, mafurushi ya programu za snap, za kusomwa tu, zimejaa tangu kuzaliwa. Ziruke, pamoja na tmpfs (inayokaa kwenye RAM, si diski): df -P -x squashfs -x tmpfs. Halafu dakika tano za nini? Kila saa inatosha.

binti_seva: Swali dogo kaka. Skripti yenyewe inakaa seva gani? Maana Postfix (programu ya kutuma barua pepe) ikikosa nafasi kwenye diski yake haipokei barua, hata hiyo ya kukuonya.

Mwenye uzi: Dada… ipo kwenye ileile iliyojaa wiki jana. Naihamisha sasa hivi.